Samaki Wawili Ndani ya Ndoo

Sumbawanga
11 Mei 2025

...na hilo la ndoo, kaka, bado sijamaliza kukucheka. Wenzangu wakiolewa hutunzwa vitenge, masufuria na magodoro. Mimi kaka yangu wa tumbo moja ananitumia samaki wawili wazima kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari! Baba mdogo aliipakata kutoka Kasanga mpaka hapa. Kanzu ilimlowa hadi magotini, na hivyo hivyo akaenda kukaa mbele ya shehe.

Haya, nirudi nyuma niwe na adabu. Shikamoo kaka Suleimani. Mama hajambo mgongo? Mbuzi wake yule mla kanga bado yupo? Sisi huku wazima. Baridi imeanza, asubuhi nikipumua naona moshi wangu mwenyewe, na mama mkwe ananiita "mtoto wa joto" kwa sababu nalala na soksi mbili.

Kaka, nimeolewa! Naliandika neno hili kwa sababu tu napenda kulitazama. Asubuhi Hamis akienda dukani hurudi mlangoni mara mbili, mara ya kwanza kasahau funguo, mara ya pili hajasahau kitu. Jana mama yake alimwambia, "We Hamis, mabati hayajiuzi yenyewe," akaondoka anacheka mpaka barabarani. Huyo ndiye shemeji yako.

Sasa sikia alichofanya. Mwanaume mwingine angewakaanga samaki wako. Yeye alichukua vioo vya dukani, akavikata, akavigandisha kwa gundi, akatengeneza sanduku la maji refu kama mkono wangu. Limekaa sebuleni kama televisheni, na tunalitazama kuliko televisheni. Miaka yote nimekulia kando ya ziwa, samaki nimewajua wakiwa kwenye sinia au juani wakikauka. Sikuwahi kujua kwamba wana sura! Hawa wako ni wafupi, wanene, urefu wa kiganja changu. Kichwa cheusi kimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, mdomo uko chini, na ubavu ni mwekundu kama vumbi la barabara ya Matai. Ila wanagombana. Mkubwa anamfukuza mdogo kutwa nzima. Hamis anasema ni mapenzi. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu yeye hanifukuzi.

Nina swali moja tu, kaka. Siku ya ndoa nilikaa nyuma ya pazia hapa kwa shangazi, nilikohamia tangu Desemba, nikingoja sauti yako. Tangu Baba afariki nilijua wewe ndiye utakayekuja kuniuliza, "Adija, umekubali?" Akaja baba mdogo. Mama akasema una kazi. Kazi gani siku ile? Nimekupigia mara kumi na mbili. Simu inaita, hupokei.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Adija


Kasanga
27 Mei 2025

Adija mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku sita kwa Bertilla pale Matai, kwenye banda lake la chai, kwa sababu dereva wa huku gari lilimharibikia. Mama hajambo. Mgongo unamuuma akitaka umuume. Mbuzi kala kanga nyingine, ile ya kijani.

Simu yangu ilizama ziwani. Andika barua. Sekondari ulisomeshwa ya nini?

Kuhusu samaki. Hao ni samaki wa mawe. Makao yao ni pale mawimbi yanapopiga miamba, maji ya kimo cha mtu mpaka vimo viwili vitatu, penye jua. Mdomo uko chini kwa sababu kazi yao ni kukwangua ule utelezi wa kijani juu ya mawe, kuanzia asubuhi mpaka jioni, kama watu wanaosugua masufuria. Wala usiwape ugali. Najua umewapa. Ugali unawavimbisha tumbo, wanakufa. Okota mawe, yaweke kwenye beseni la maji juani mpaka yaote kijani, kisha uwatumbukizie. Na usiwaache wapate baridi. Ziwa letu halina baridi ya Ufipa.

Ugomvi ni tabia yao. Kila mmoja ana jiwe lake na analilinda. Huyo mkubwa ni dume. Mwambie Hamis akate kioo kingine awatenganishe wakizidi, au ajaze mawe ili jike apate pa kujificha.

Jambo moja ambalo wageni hawaliamini: samaki huyu havuki mchanga. Kati ya miamba yetu na miamba inayofuata kuna mchanga mtupu wa kutembea robo saa, na yeye havuki. Kwa hiyo wa hapa ni wekundu, wa kule wana rangi nyingine, na ni jamaa wa ukoo mmoja. Mimi nikionyeshwa samaki naweza kukuambia ametoka jiwe gani. Hao wako wametoka jiwe lile ulilokuwa ukianikia sare zako za shule. Ndiyo maana nikakutumia.

Siku ya ndoa kazi zilibana. Baba mdogo alifanya vizuri, nimesikia.

Msalimie Hamis.
Suleimani


Sumbawanga
14 Juni 2025

Shikamoo kaka,

Huku hatujambo, isipokuwa mafua ya mama mkwe na mahindi ambayo yamejaa nyumba nzima mpaka tunapita ubavu. Coleta, jirani yetu anayeuza mboga, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Nimemsimulia unavyowazamia samaki wazima wa kuuza mpaka anakuita "yule mzamiaji". Hamis ameninunulia koti la manyoya mitumbani, la kiume, linanifika magotini, nikalivaa sebuleni akasema nimependeza kama waziri. Kaka, huyu mtu!

Ugali ulikuwa kidogo sana na ulikuwa kabla ya barua yako. Tusirudie hilo.

Nina shida, tafadhali ujibu upesi. Tangu Jumanne yule jike hali. Nimemwekea jiwe la kijani zuri, analigusagusa anaondoka. Koo limemvimba, limening'inia kama kibogoyo aliyeficha pipi, na mdomo kaufumba haufumbuki. Amejibanza nyuma ya mawe. Dume tumemtenga kwa kioo kama ulivyosema. Tunawasha jiko la mkaa sebuleni wakati wa baridi na kuacha dirisha wazi. Maji hayana ubaridi, nayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Coleta anasema ni tezi, tutie chumvi. Mama mkwe anasema amekwamwa na kijiwe, tumfungue mdomo kwa njiti ya kiberiti. Hamis anasema tusimguse mpaka wewe useme, kwa sababu wewe ndiye unayewajua.

Na mama mkwe alipoona jinsi ninavyohangaika na samaki asiyekula, akaliangalia tumbo langu, akamwangalia Hamis, akaenda jikoni akipiga vigelegele kwa sauti ya chini. Nimemwambia, "Mama, si mimi." Hasikii.

Kaka, sipendi kuuliza tena, lakini Hamis ameniuliza mara moja tu, taratibu, wakati anafunga viatu: "Kaka yako hanitaki?" Nikasema, "Amekutumia samaki." Akasema, "Amekutumia wewe." Nimjibu nini? Unasema simu imezama. Jana niliipiga, ikaita mpaka ikakata, mara tisa. Simu gani hiyo inayoita chini ya maji?

Nakungoja.
Adija


Kasanga
19 Juni 2025

Adija,

Salamu baadaye, wote wazima. MSIMGUSE. Chumvi hapana. Njiti hapana.

Haumwi. Ana watoto mdomoni. Jike wa samaki huyu akitaga hulichukua yai moja moja mara tu linapotoka, hulitia mdomoni kabla halijagusa jiwe. Ni mayai machache, nane, kumi, makubwa kama mbaazi. Hutotolewa humo humo na kukulia humo, karibu mwezi mzima. Anachokwangua kidogo ni kwa ajili yao. Atakonda, umwache akonde. Akishtuka anaweza kuwatema au kuwameza, kwa hiyo funika kioo kwa kitenge, watu wasigonge, watoto wa jirani wasichungulie. Siku atakapowatoa utawaona wameshakuwa samaki kamili, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ukimsogelea watamkimbilia mdomoni, naye atawapokea.

Hamis amesema kweli kwamba msimguse. Mwambie nimesema ana akili.

Suleimani


Sumbawanga
12 Julai 2025

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sote wazima, na nina habari mbili. Ya kwanza ni ya furaha na nitaianza na aibu yake.

Barua yako ya tarehe 19 ilinifikia tarehe 3 Julai. Bertilla alikwenda msibani Laela, akafunga banda, barua ikabaki ndani ya kopo la majani ya chai. Na kabla ya hapo, kaka, nilishindwa kungoja. Tarehe 22 Hamis akiwa dukani, mimi na mama mkwe tulimtoa yule jike majini. Nilimshika kwenye kitambaa kibichi, mama mkwe akashika njiti. Mdomo ulipofunguka kikaanguka kitu kiganjani mwangu: kichwa kidogo chenye macho mawili, tumbo la njano kama kiini cha yai, na mkia unatikisika. Kinanitazama! Mama mkwe akaitupa njiti akasema, "Astaghfirullah, tumevunja nyumba ya watu." Tukamrudisha jike majini mbio, na kitoto naye tukamtia. Hakumchukua. Kesho yake kitoto yule alikuwa amekufa. Tulimzika kwenye tuta la maua, na mama mkwe, ambaye amechinja kuku zaidi ya vidole vyangu vyote, siku hiyo alikataa kushika kisu.

Hamis hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alikata kitenge changu cha zawadi ya shangazi akafunika kioo, akakaa mbele yake kama askari.

Basi juzi asubuhi nimefunua pembe ya kitenge nikaona wanane! Wanane, kaka! Wana michirizi myeupe ubavuni, hawafanani na mama yao hata kidogo, na tayari kila mmoja anamfukuza mwenziwe. Nilipopiga kelele ya furaha wote wakarudi mdomoni, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa shule walioona mwalimu wa zamu. Hamis alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe ameita mtaa mzima. Coleta amekuja na mchicha.

Sasa ya pili. Mwanzoni mwa mwezi nilichoka kungoja jibu, nikamwomba Hamis tufuate barua wenyewe, kwa sababu alikuwa anapeleka mabati Matai. Bertilla ndiyo kwanza alikuwa amerudi, akalitoa kopo, akatumiminia chai. Nikamwuliza kama anakuona. Akasema, "Namwona sana." Halafu akasema jambo jingine, jinsi unavyoagiza chai siku hizi. Alidhani najua. Alipoona sijui akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Sitaliandika alilosema. Nimelibeba siku tisa mdomoni na kula kwenyewe nakula kidogo. Nataka uliandike wewe, kwa mkono wako. Mimi si mtoto wa kufichwa, kaka, na wewe si wa kujificha nyuma ya jiwe.

Nakupenda hata ukikasirika.
Adija


Kasanga
23 Julai 2025

Adija mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Amenitazama nikiikunjua na kuikunja barua yako siku nne, mwisho akaninyang'anya akaniwekea kalamu. Hajui kusoma, lakini sura yangu anaisoma.

Wanane ni wengi. Mwambie mama mkwe wako asijilaumu. Mara ya kwanza mimi nilimpasua mmoja kwa kisu nikitafuta ugonjwa.

Haya. Mwezi wa pili mnunuzi wa samaki wa mapambo alitaka wa kina kirefu. Nilikuwa na mafua. Mzamiaji mwenye mafua hashuki, kila mtu hapa anajua, na mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Nilishuka na mpira wa kuvutia hewa mdomoni. Nikasikia maumivu kama msumari, kisha mlio kama sahani inavunjika ndani ya kichwa. Nilipotoka juu, Elia, mwenzangu wa mtumbwi, alikuwa anachezesha midomo na hakuna kilichotoka. Nikadhani ananitania. Nikamtukana, nami sikujisikia nikitukana.

Daktari anasema sikio la kushoto limekwisha. La kulia linapata ngurumo, si maneno. Simu haijazama, iko kwenye debe la unga la Mama, nami nimemkataza kuipokea. Ukipiga, nami nipokee niseme nini? Ujumbe nao ningekujibu, ungepiga papo hapo, nakujua. Barua haipigi.

Kuhusu ndoa. Wiki moja kabla nilimwambia Mama akae nyuma ya pazia, aseme "nimekubali" au aseme "sitaki", nami nitambue ni lipi. Tulifanya mara kumi. Nilikosea sita. Mama alilia. Mimi nilicheka, maana kilio chake pia sikukisikia.

Adija, kazi ya walii ni kusikia. Unakwenda kwa binti, unamwuliza, unasikia kwa sikio lako, unarudi kwa wanaume na kusema amekubali. Je, ungesema sitaki, nami nikaenda kutangaza amekubali? Ndoa yako isingesimama juu ya sikio bovu. Nikampa baba mdogo idhini. Nikakutumia kitu kutoka jiwe letu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuweza kuja.

Simchukii Hamis. Mtu anayekata kitenge kufunika samaki nitamchukiaje? Nilimwonea aibu tu.

Bado nashuka majini, kimo cha mtu, kuwatazama. Huko chini hakuna aliyewahi kusikia maneno, kwa hiyo niko sawa na wengine.

Suleimani


Sumbawanga
9 Agosti 2025

Kaka yangu, walii wangu,

Shikamoo mara mia. Wote huku wazima. Mahindi yameanza kuuzwa, sasa tunapita bila ubavu. Watoto wanane wanakwangua mawe kama vibarua.

Barua yako nilimsomea Hamis kwa sauti, nikashindwa kufika mwisho, akaimalizia yeye. Alipofika "simchukii Hamis" aliisoma mara mbili. Halafu akatoka nje akaanza kufagia uwanja. Hamis, kaka, na ufagio! Aliporudi akasema, "Miezi mitatu nimemwogopa mtu ambaye alikuwa ananiogopa."

Tulikwenda pia kwa shehe. Amesema ndoa imesimama, baba mdogo alisema kwa idhini yako, wala tusipoteze usingizi. Lakini nilipomweleza lile la Mama na pazia, alivua miwani akaifuta, akasema, "Mwambie kalamu nayo ni ulimi. Angeniuliza tungetoa karatasi." Karatasi, kaka! Nami nilikuwa na daftari zima ndani ya sanduku la harusi.

Na wewe ulifikiri utakosa kunisikia? Ungekuja ukasimama pale na kuuliza, ningesema nimekubali kwa sauti ya kuvunja vioo vya duka lote la wakwe zangu. Ningetoka nje ya pazia nikuonyeshe kwa mikono, na shehe agune akitaka. Nimekuwa nikijibu swali hilo kila asubuhi Hamis anaporudi mlangoni mara ya pili. Ulisema wa jiwe letu hawavuki mchanga. Mimi nilivuka, kaka, nikapanda mlima mpaka kwenye baridi, na hapa nimepata jiwe langu. Nataka ulione usoni mwangu, kwa kuwa macho yako hayakupasuka.

Kwa hiyo sikia, au tuseme soma. Hawa wanane hawawezi kubaki, sanduku limekuwa dogo na wameanza kuumana. Wazazi wao tutawatunza, wameshazoea jiko letu, na mama mkwe hataki hata kusikia habari ya kuwaondoa. Watoto tunawarudisha kwenye jiwe la sare zangu. Ndoo ni ile ile, mfuniko ule ule. Safari hii ataipakata Hamis, na amekwisha kuambiwa avae suruali ya zamani.

Mwambie Mama afunge lile pazia. Nitakaa nyuma yake kama siku ile, na Hamis atakaa mkekani mbele yako. Wewe uliza kwa sauti yako, hiyo niliyoingoja tangu mwezi wa nne. Mimi nitaisikia kwa niaba yetu sote wawili. Jibu langu litapita chini ya pazia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Ukishalisoma, mgeukie Hamis umwambie.

Tunafika Jumamosi tarehe 30, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako,
Adija